Saa ya Mvua Ilipopandishwa Mlimani

Nilipokuwa mtoto, watu wote niliowajua walijua mvua inatunzwa wapi. Haikutunzwa mawinguni. Ilitunzwa barazani kwa Wazungu wa misheni, ndani ya kisanduku cha mviringo cha shaba chenye kioo, kilichotundikwa kwenye msumari kando ya mlango. Nyuma ya kioo kulikuwa na mshale mwembamba kama mguu wa buibui. Mshale ukishuka, mvua yaja. Ukipanda, jua. Watu wetu walikiita saa ya mvua, na hapakuwa na mzee wala mtoto aliyelionea shaka jina hilo.

Najua yupo karani pale boma, kijana wa juzi tu aliyejifunza Kiingereza cha maneno ishirini, ambaye akisikia haya atacheka na kusema wazee wetu walikuwa washenzi. Acha acheke. Ndiye aliyeniambia “no vacancy” kabla sijamaliza kumsalimia, kwa kuwa cheti changu kimeandikwa Kijerumani na Wajerumani wamekwenda zao. Miaka yote ile ya der, die, das, leo haininunulii hata chumvi. Lakini jambo moja nalijua ambalo yeye halijui: wazee wetu hawakuwa washenzi. Walitazama vizuri sana, wakakosea kwa akili. Kukosea kwa akili ni kazi ngumu, si kila karani anaiweza.

Tazama jinsi ilivyokuwa. Kwetu, upande huu wa mlima Meru, mvua ya masika hupenda kuja alasiri. Asubuhi mbingu ni safi, adhuhuri mawingu yanaanza kukaa juu ya msitu kama kondoo, alasiri ngurumo. Na ule mshale, kila siku ya Mungu, mvua iwepo isiwepo, ulikuwa ukishuka kidogo alasiri na kurudi juu jioni. Unapumua tu, kama mtu aliyelala. Sasa wewe mwanamke unayepita njia ya misheni kwenda kuchota maji, ukaona mshale umeshuka na papo hapo ngurumo ikalia, ungefikiri nini? Ukiona hivyo masika mbili mfululizo, wewe msomi mwenye tai, ungefikiri nini?

Mimi nilikuwa karibu na kisanduku kile kuliko watu wote wa kwetu. Baba alikuwa amenipeleka shule ya misheni, na kazi niliyopewa asubuhi ilikuwa kufuta vumbi kwenye kioo na kumwambia Mchungaji mshale umesimama wapi wakati yeye anakunywa kahawa. Maneno manne ya kwanza ya Kijerumani niliyoyasoma yalikuwa yale yaliyoandikwa kuzunguka kioo: Schön, Veränderlich, Regen, Sturm. Kunakucha vizuri, kunageuka, mvua, tufani. Mchungaji alinung'unika kila asubuhi. Alisema kwao Ulaya mshale huu ulikuwa nabii, unatangaza tufani siku mbili kabla haijafika. Huku Afrika umekuwa mvivu, unatikisika pale pale Schön kama mzee kwenye kiti.

Jioni nikifika nyumbani, aliyeningoja alikuwa Koko. Ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kimaa, na huyu alikuwa mama wa baba yangu. Niliinamisha kichwa akakigusa kwa kiganja, kama desturi inavyotaka kwa mtoto na mkubwa wake, kisha kabla sijapewa maziwa akauliza: mshale umelala wapi leo? Hakuuliza nimejifunza nini. Hakuuliza habari za Yesu. Mshale tu.

Alikuwa na sababu. Koko ndiye aliyetunza mbegu za nyumba zote za upande wetu wa kijito. Hii ilikuwa desturi ya wanawake wa pale, na sijaiona kwingine: hakuna mwanamke aliyeweka mbegu kwake mwenyewe. Walisema mbegu ikikaa nyumbani kwako, mtoto akilia utaila. Ikikaa kwa mwenzio utaona aibu kwenda kuiomba. Basi juu ya jiko la Koko, kwenye moshi, vilining'inia vishada vya mahindi na vibuyu vya maharage vilivyozibwa kwa samadi, kila kimoja na alama ya mwenyewe. Na siku ya kupanda alitamka yeye. Akikosea kwa kuwahi, mbegu inaliwa na mchwa na kanga kwenye ardhi kavu. Akikosea kwa kuchelewa, mahindi yanashikwa na jua kabla hayajabeba. Nyumba zile zote zilikula au zililala njaa kwa neno lake.

Mwaka ninaousimulia, masika ilikataa kuja. Upepo ulikufa kabisa. Jani la mgomba halikutikisika. Moshi wa jiko ulipanda wima kama fimbo. Ng'ombe walishuka mbugani wakarudi mbavu tupu. Mchungaji alisali kanisani, wazee walichinja kondoo mweusi, na Engai, ambaye kwa Kimaa ni Mungu na ni mvua kwa jina moja, hakuwajibu hawa wala wale. Njaa ilipoanza kuingia majumbani, macho ya watu wote yakawa yanatazama juu ya jiko la Koko.

Hapo ndipo Mzee Lembris, mdogo wake babu, aliposema alichosema. Alikuwa mtu wa maneno makali (watu husema nimemrithi yeye). Alikaa mlangoni kwetu akatafuna tumbaku, akasema kabla ya kisanduku kile mvua ilikuwa inaijua njia ya hapa peke yake, bila kuonyeshwa na mshale. Wazungu wameikamata wakaifungia kiooni, kama walivyotukamata sisi tukabeba mawe ya boma. Dawa ni jiwe moja tu, kioo kipasuke, mvua itoke.

Koko alikuwa anakamua. Hakugeuka.

“Ukikipasua, askari watakuja na kiboko,” alisema. “Na hawatakuuliza habari za mvua.”

“Kwa hiyo tufe kwa adabu?”

“Nimekuwa nikimuuliza laiyoni huyu, mvulana wetu huyu, habari za mshale kila jioni. Kila alasiri unashuka kidogo, halafu unarudi. Ni kama ndama aliyefika mtoni akaogopa maji. Ndama hapigwi jiwe, Lembris. Anasindikizwa.”

Wazo lake likawa hilo. Wanawake wetu, ukame ukizidi, hufunga majani mabichi kwenye nguo zao, wakachukua maziwa kidogo yaliyobaki, wakapanda mlimani kumwomba Engai kwa nyimbo. Safari hii watapanda na mshale. Umekaa sana barazani kwa wageni, haujawahi kumwona mwenye mvua. Ukipelekwa, utapata nguvu ya kushuka mpaka mwisho.

Bahati nzuri Mchungaji alikuwa amesafiri kwenda Moshi. Alibaki Bibi, mkewe, mwanamke mrefu mwenye maumivu ya kichwa, ambaye maua yake aliyotoka nayo kwao yalikuwa yamekauka mstarini mbele ya baraza. Koko alisimama mbele yake akasema naye kwa Kimaa, nami nikayageuza kwa Kijerumani changu cha miguu mitatu: Großmutter will beten. Mit Barometer. Yaani, Koko anataka kusali, pamoja na saa ya mvua. Bibi aling'amua, akatutazama, akacheka hadi akakaa chini. Kisha akatazama maua yake. Nadhani alikuwa mpweke kuliko tulivyojua.

“Na gut, haya basi,” alisema. Akakitoa kisanduku msumarini mwenyewe, akanikabidhi kama anayekabidhi mtoto mchanga. “Kikivunjika, usirudi shule. Na mimi nitaomba unifiche kwenu.”

Wanawake walikuwa wameshuka alfajiri hadi kingo za mto Themi, ambako ndiko pekee majani yalibaki mabichi, wakajifunga mabegani. Tulipanda. Koko mbele, mimi nyuma yake, kisanduku kifuani ndani ya ngozi yake ya mbuzi, na nyuma yangu wanawake wote na vibuyu vyao. Mbeba kibuyu wa kwanza alikuwa jirani yetu, Ngoto Saning'o, yaani mama yake Saning'o, mwanamke mwenye watoto wengi na mdomo wa kuwatosha wote. Mimi moyoni nilikuwa na aibu ya mtoto wa shule. Nilijua hakitatokea kitu. Nilikuwa nimeutazama mshale ule mwaka mzima. Ulikuwa mvivu, Mchungaji mwenyewe alisema.

Tulipomaliza mteremko wa migomba tukapumzika, Koko akasema nifungue. Nilifungua. Nikasogeza kioo karibu na macho. Mshale ulikuwa umetoka Schön.

Nilifuta kioo. Haukurudi. Ulikuwa umesimama Veränderlich, mahali ambapo sikuwahi kuuona ukifika hata siku ya ngurumo.

“Unasema nini?” aliuliza Ngoto Saning'o.

Nikawaambia unasema kunageuka. Hakuna aliyeshangilia. Walitazamana, kama watu walioita mtu msituni kwa desturi tu wakasikia ameitika. Tukaendelea, na sasa hakuna aliyeburuta miguu. Penye jiwe kubwa jeusi lililo katikati ya njia, nilifungua tena: Regen. Hapo waliimba. Nikasahau aibu, nikasahau shule. Nilikuwa nakimbia mbele nifungue tena. Chini ya msitu mshale ulifika Sturm, ukalipita neno Sturm, ukaingia sehemu nyeupe ya kioo ambako aliyekitengeneza hakuwahi kuwaza kwamba mshale utafika, kwa hiyo hakuandika chochote. Nilimwita Koko aje aone.

“Hapa ulipo, pameandikwa nini?” aliuliza.

“Hakuna kitu, Koko.”

“Basi ndipo kwa Engai.”

Wakamwaga maziwa pande zote nne, na Koko akadondosha tone moja juu ya kioo. Sijawahi kuona sala ya namna ile tena, wala kanisani. Watu waliosali wakiwa na uhakika.

Tulianza kushuka wanawake wakiwa wanaimba, na wengi walikuwa wanazungumza kabisa habari ya kupanda kesho. Mimi nilikuwa na kiu ya kuuona mshale tena. Penye jiwe jeusi niliinua ngozi nikachungulia. Regen. Nikashuka kidogo, nikachungulia. Umepanda. Tulipokaribia migomba ulikuwa unarudi Schön taratibu, bila haya, kama mbwa anayerudi kwao baada ya kufukuzwa.

Nilimvuta Koko nguo nikamwambia. Hakunikaripia wala hakusema nisimwambie mtu. Aliwaacha wenzake watangulie na wimbo wao, kisha akanirudisha juu hadi kwenye lile jiwe. Mshale ukashuka. Akaniita chini. Ukapanda. Akanituma tena juu, akaniita tena, mpaka magoti yakaniuma, naye amesimama katikati ya njia, kidole mdomoni, macho yake yakiwa ya msichana.

“Hautii wimbo wetu,” alisema mwishowe. “Unatii miguu yako. Haujui mvua, unajua mahali.”

Nilidhani atasikitika. Alikuwa na uso wa mtu aliyeokota kitu njiani na hajui bado ni cha nini.

Jioni ile wanawake walikuja kuchukua mbegu, na Koko akawaambia yote, waziwazi, mimi nikiwa shahidi: mshale umerudi juu, siku ya kupanda haijafika, wangoje. Ilikuwa kama kuumwagia moto maji. Lembris alicheka mpaka akapaliwa na tumbaku. Ngoto Saning'o hakucheka. Alisema umeona kwa macho yako Engai ameushusha, tumeona wote, na sasa unatuzuia. Labda mbegu zetu zimeshaanza kuonja chungu chako.

Kwa mtunza mbegu hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Koko alipanda juu ya kigoda, akashusha vishada na vibuyu kimoja kimoja, akampa kila mwanamke chenye alama yake, samadi yake haijaguswa. Jiko likabaki wazi, kikaning'inia kibuyu chake peke yake. Kesho yake walipanda kwenye vumbi.

Haikupita siku nyingi upepo ukaamka. Ulikuja adhuhuri kutoka mbugani, ukapita juu ya paa zetu bila kusimama, ukaelekea mlimani. Moshi wa jiko ukalala ukielekeza msituni. Alasiri mawingu yakajaa juu, ngurumo, na watu wakatoka nje wakiwa wamekinga mikono. Mvua ikanyesha. Ilinyesha juu. Tuliiona kwa macho yetu, kama shuka ya kijivu imeanikwa chini ya msitu, na huku kwetu hakikudondoka kitu ila majani makavu. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Kanga walikuwa wanafukua mbegu za watu mchana kweupe.

Koko alikaa mlangoni akiitazama ile shuka ya kijivu.

“Pale inaponyesha,” aliniuliza, “mshale ulikuwa umefika wapi?”

“Mahali pasipoandikwa kitu.”

Akainuka. Akashusha kibuyu chake.

Juu kule, kabla ya msitu, kulikuwa na uwanda wa babu uliokuwa umeachwa kwa sababu ya baridi na nguruwe mwitu. Hakuna mtu aliyelima huko tena. Tulipanda huko mimi, yeye na mama, kwenye udongo uliolowa, mvua ikitupiga mgongoni. Siku ya pili tulikuwa tumeinama, tukasikia nyayo. Ngoto Saning'o alikuwa amesimama na kijiti chake cha kupandia na nusu ya maharage aliyokuwa hajayafukia. Hakuomba radhi, si mtu wa kuomba radhi.

“Nianzie wapi?” aliuliza.

“Anzia upande wa kwenye jiwe,” Koko alimwambia, na hawakulizungumza tena jambo lile maisha yao yote. Baada yake walikuja wengine, kila mmoja na alichokiokoa. Masika ilishuka kwetu baadaye, nyembamba, imechelewa. Shamba la juu ndilo lililolisha nyumba zetu mwaka ule.

Mchungaji aliporudi aliona alama ya maziwa kwenye kioo. Alikasirika kwanza, akasikiliza pili, na mwisho akanichorea mchangani kwa kidole. Alisema tunaishi chini ya bahari ya hewa. Hewa nayo ina uzito, Luftdruck, inatukandamiza nasi hatujui kwa kuwa tumezaliwa humo. Ukipanda mlima, hewa iliyobaki juu yako ni kidogo, mshale unashuka. Nilimpelekea Koko jibu hilo likiwa bado moto. Akasema sawa, lakini hajasema kwa nini mvua nayo inapenda huko huko. Na kweli, hakuwa amesema.

Jibu hilo nililipata miaka kadhaa baadaye, kwenye chuo cha walimu, siku mwalimu alipoandika ubaoni neno refu kama treni: Steigungsregen. Mvua ya kupanda. Upepo unatoka mbugani na unyevu wake, unakuta mlima, hauna njia ila kupanda. Kule juu mkandamizo ni mdogo, hewa inatanuka, inapoa, haiwezi tena kushika maji iliyoyabeba, inayaachia. Wenzangu walinakili. Mimi nilikuwa nimekaa na mikono mitupu, nimeona mbele yangu mstari wa wanawake na vibuyu.

Likizo nilimweleza Koko yote, mpaka mwisho. Alikuwa hasikii vizuri tena, ikabidi nirudie.

“Kwa hiyo upepo nao hupeleka maziwa mlimani,” alisema, akarudi kumenya maharage yake.

Vita vilipokuja, Mchungaji na Bibi walichukuliwa, baraza likabaki na msumari mtupu. Koko alikuwa ameshatutoka. Mimi nilibaki na cheti, nimepanda nacho ngazi za ofisi zote za mji huu, na kila nilipofika juu nimekuta hakuna neno lililoandikwa kwa ajili yangu. Nina hasira, sikatai. Hasira ndiyo mshahara pekee niliowahi kulipwa kwa wakati.

Lakini nakula. Ninalima lile shamba la juu, na jiwe jeusi bado lipo njiani. Juzi, nimeinama palizini, vumbi la nyumba zetu nikaliona linatimka kule chini, na upepo ukaanza kuja ukipandisha mteremko, mzito, ukitikisa migomba mstari baada ya mstari kama watu wanaopita na mizigo. Najua sasa kwa Kijerumani kwa nini unakuja. Hata hivyo niliweka jembe chini, nikavua kofia, nikaungoja ufike umwage.